Anawajua Mmoja Mmoja

12 Rajabu

Kwa mwalimu wa falsafa, chuoni.

Amani iwe juu ya aliyefuata uongofu.

Barua hii nimempa shemeji yako akuletee mkononi. Mambo ya itikadi siyazungumzi kwa simu. Simu hupandisha sauti tu, bali karatasi humlazimisha mtu atafute hoja.

Juzi nilikuwa darasani kwangu, pale juu ya duka la matairi, tunasoma mlango wa sifa za Mungu. Mwanafunzi mmoja akaniletea jarida la chuo chenu, amelishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya. Akaniambia, "Sheikh, huyu si mkwe wako?" Nikatazama. Picha ni yako, na kichwa cha makala ni "Asiye na Jina." Nikasoma mpaka nikafika hapa:

"Kama Mungu anavijua vitu kwa ujumla wake tu, basi yuko mtoto mmoja asiyemjua. Na kama anawajua mmoja mmoja, basi na anijibu."

Nikafunga jarida. Nikafunga na somo.

Nusu ya kwanza naijua ilikotoka. Ni uzushi wa wanafalsafa wa kale, waliodai kwamba Mwenyezi Mungu anajua kanuni za mambo, hajui jambo moja moja. Wanazuoni wetu waliwakufurisha kwa masuala matatu, na hilo ni mojawapo. Nusu ya pili ni mbaya zaidi. Mja anamwita Muumba wake aje ajibu, kama mwenye nyumba anavyomwita mpangaji! Yeye haulizwi atendayo. Hilo analijua hata mtoto anayeanza alifu.

Binti yangu yuko kwangu tangu alipotoka hospitali. Alikuja kupumzika baada ya msiba wenu. Sasa nasema hatarudi. Mwanamke Mwislamu hakai chini ya aliyeritadi. Ukitubu kwa maandishi, na jarida lilelile likaichapa toba yako, tutazungumza. Usipotubu, ndoa imevunjika yenyewe, wala talaka yako haihitajiki.

Yeye sijamwambia. Ana huzuni ya kumtosha.

Aliyekuwa baba mkwe wako

*

23 Machi

Baba mkwe, shikamoo. Bado ni baba mkwe wangu, utake usitake.

Salamu yako nimeipata. Ndiyo ile waliyokuwa wakiandikiwa wafalme makafiri kabla ya kupigwa vita. Nashukuru kwa kunipandisha cheo. Ofisini kwangu nagawana meza na mwalimu wa jiografia, na kiti changu kina miguu mitatu na tofali.

Unafundisha elimu ya kalamu, yaani ya kuitetea dini kwa hoja. Umeifundisha mpaka kalamu imekauka wino. Wale wa kale hawakusema Mungu ni mjinga. Walisema hivi: mwenye elimu ya nyota anajua kila kupatwa kwa jua, kulikopita na kutakakokuja, kwa hesabu zake, bila kutoka nje kutazama. Elimu yake haibadiliki, kwani haingojei jambo litokee. Basi Mungu ni zaidi ya hapo. Anavijua vitu kwa kuzijua sababu zake, naye habadiliki kila jani linapoanguka. Unaweza kulikataa hilo, lakini usiliite tusi. Hilo lilikuwa jaribio la kumtukuza Mungu kuliko mnavyomtukuza nyinyi, mliomfanya karani anayeandika maji yanayomwagika.

Nami sikuandika jibu, niliandika swali. Kama swali linavunja ndoa, basi wewe umekaa miaka na wanafunzi wako katika zinaa ya akili, maana hamna kazi nyingine.

Nina langu la kukuuliza. Simu ya mke wangu imezimwa tangu aingie kwako. Umeizima wewe? Mpe simu. Nataka kuzungumza na mke wangu, sitaki kuzungumza na mlinzi wake.

Mkwe wako

*

20 Rajabu

Amani iwe juu ya aliyefuata uongofu.

Simu ameizima mwenyewe. Nilimuuliza sababu, akanijibu, "Nimechoka kuulizwa najisikiaje." Anashinda katika chumba cha marehemu mama yake, kile chenye cherehani. Asubuhi nilimkuta amechukua mshumaa na kisu kidogo, anachonga jino kwa nta. Mkono umezoea kazi, nadhani. Kule karakana ya meno ya bandia wamempa ruhusa mpaka apate nafuu. Nilimwambia, "Hilo zuri." Akaliyeyusha juu ya jiko.

Nikujibu sasa, maana umekuja na mnajimu wako.

Amelijua jua litapatwa lini. Vizuri sana. Siku hiyo ikifika, giza likaingia mchana, akawepo mtoto mmoja njiani ameangusha kibuyu cha maji, analia kwa hofu. Hesabu ya mnajimu inamjua huyo mtoto? Inakijua kibuyu chake? Haijui. Inajua jua na mwezi, basi. Mungu wenu ndiye huyo, bingwa wa hesabu ambaye hajapata kumsikia mtu akilia. Mungu wetu anamjua mdudu chungu mweusi juu ya jiwe jeusi katika usiku mweusi, anasikia na nyayo zake. Na unamwita huyo karani! Afadhali karani anayenijua kwa jina langu kuliko sultani asiyejua kama nipo.

Hapo nimemaliza na wale wa kale. Nimebaki na wewe.

Maneno yale si yako. Nakujua tangu ulipokuja kuposa umevaa viatu vya kuazima. Una ulimi wa kukejeli, na kusoma umesoma, sikatai. Lakini "na anijibu" haikutoka kwako. Haikusemwa na mtu aliyekaa kwenye kiti, hata chenye tofali. Nani kakufundisha? Kama ni mwalimu wenu fulani, au kitabu cha watu wasioamini, mtaje. Anayepotosha ana dhambi kubwa kuliko aliyepotoshwa, na pengine hapo nitapata njia ya kukuhurumia.

Aliyekuwa baba mkwe wako

*

31 Machi

Baba mkwe, shikamoo.

Huruma yako iweke, utaihitaji mwenyewe.

Ila nikupe haki yako, umelenga mara moja. Maneno yale si yangu, nimenukuu. Nanyi ndio mnaofundisha kwamba mwenye kunukuu ukafiri si kafiri, la sivyo msomaji wa Kurani naye angekufuru kila anaposoma maneno ya Firauni. Kwa hiyo kesi imekwisha. Mrudishe mke wangu.

Aliyeyasema simtaji. Yu hai na anaswali. Akili yake inanizidi mimi, inakuzidi na wewe. Yeye hakuyasoma popote, aliyasema tu. Mimi nilisikia, nikaona kwamba hapo, katika sentensi moja, kuna mgogoro mzima ambao watu wenu na watu wetu wameugombania kwa karne nyingi. Ningekuwa mpumbavu kuyaacha yapotee.

Usiniulize tena. Ukiniuliza mara mia, mara mia nitanyamaza, na kunyamaza kwangu ni kwa faida yako kuliko yangu.

Shemeji ananiambia mke wangu hali chakula. Kweli?

Mkwe wako

*

2 Shaabani

Kwa mwalimu wa falsafa.

Anakula. Shemeji yako ana mdomo mpana.

Nimelirudia jarida lako, nikalipekua ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta alama za kunukuu. Sikuziona. Hakuna "alisema fulani," hakuna "nilisikia." Kuna jina lako juu na picha yako kando, umeshika kidevu. Mwizi akikamatwa na kuku husema kuku ni wa jirani.

Lakini sheria ni sheria, nami sihukumu kwa chuki. Umesema yupo msemaji, nami nimekubali yupo. Basi jana, baada ya somo la alasiri, mbele ya wanafunzi wote na wazee wawili wa msikiti, nilisimama nikatamka: aliyeyasema maneno haya, awe nani, awe wapi, ametoka katika dini. Ndoa yake imevunjika. Harithi wala harithiwi. Akifa haoshwi wala haswaliwi, na hazikwi na Waislamu. Na aliyeyabeba akayatangaza kwa kuyapenda, hukumu yake ni hiyohiyo.

Nilitamka kwa sauti, madirisha yakiwa wazi. Mafundi wa matairi kule chini walizima mashine wakasikiliza.

Huyo mwenye akili kuliko mimi na wewe, mpelekee salamu. Mwambie mlango wa toba uko wazi, lakini hauingiliki kwa kujificha nyuma ya mgongo wa mwanamume mwingine.

Sina zaidi.

Mwalimu wa darasa la juu ya duka la matairi

*

12 Aprili

Baba mkwe,

Habari zako zimenifikia kabla ya barua yako. Wanafunzi wako wana simu, hata kama wewe hutaki.

Umenifanyia kazi nzuri. Jarida limekwisha, wanalichapa tena. Nimealikwa kuzungumza katika vyuo viwili, na ukumbi mmoja umejaa kabla sijaandika neno la hotuba. Mwalimu wa jiografia ameniachia meza nzima. Kumbe ukafiri una wateja kuliko falsafa! Ningelijua hili mapema ningekuja kukuomba unikufurishe siku ya harusi.

Lakini sasa nisikilize, naacha mzaha. Lirudishe neno ulilolitoa. Ninyi wenyewe mmetufundisha kwamba mtu akimwita mwenzake kafiri, neno hilo halibaki hewani, lazima limwangukie mmoja wao. Lirudishe kabla halijatua. Tafuta kisingizio chochote unachotaka. Sema ulikuwa na homa. Siwezi kusema zaidi ya hapo.

Na mke wangu nitamfuata nikimaliza safari hizi mbili.

Mkwe wako

*

14 Aprili

Baba, shikamoo.

Tunakaa nyumba moja na bado ninakuandikia, kwa sababu kila nikianza kusema unainua kiganja. Barua hii naiacha juu ya marufaa, hapo unapoweka kitabu chako asubuhi. Mimi nimekwenda kwa shangazi.

Siku ulipotamka hukumu nilikuwa jikoni naosha sufuria. Kati ya jikoni na darasa lako ni uchochoro tu, na sauti yako naijua tangu nikiwa tumboni. Sikujua mnagombana kwa ajili yangu. Nilijua hayo baadaye, kwa kumbana kaka, mbebaji wa barua zenu, mpaka akasema.

Aliyeyasema maneno yale ni mimi.

Nataka nikueleze yalivyotoka, kisha uniamulie.

Siku ile wodini ulikuja na sanda. Nilikushukuru moyoni, maana mume wangu alikuwa nje anazungumza na madaktari kuhusu sababu, na mimi sababu sikuitaka. Nilikuuliza, "Baba, utamswalia?" Ukasema, "Hakulia. Asiyelia haswaliwi. Huoshwa, akavikwa sanda, akazikwa." Nikakwambia, lakini baba, wapo wanazuoni wanaosema huswaliwa. Ukasema, "Sisi tuna madhehebu yetu." Ndipo nikakuuliza, "Mungu anamjua?"

Unakumbuka ulinijibu nini? Ulisema, "Haya si maswali ya wakati huu."

Baba, wewe ulinisomesha nyuma ya pazia la sebule, wakati wavulana wamekaa mbele. Yule chungu mweusi juu ya jiwe jeusi, nilimsikia kwako. Ulikuwa ukimfundisha kila aliyepanda ngazi zako. Siku ile nilikuwa sitaki mjadala, nilitaka uniambie sentensi moja tu, ile unayompa kila mtu bure. Hukunipa.

Tukamzika. Mimi na mume wangu tulirudi kwa teksi. Maziwa yalikuwa yananivuja, nguo imelowa kifuani, na hakuna wa kunyonya. Nikasema, si kwa mume wangu hasa, nilisema tu: kama Mungu anavijua vitu kwa ujumla wake tu, basi yuko mtoto mmoja asiyemjua, na kama anawajua mmoja mmoja, basi na anijibu. Dereva aliongeza sauti ya redio. Mume wangu alitoa kalamu.

Sasa hukumu yako. Umesema aliyeyasema akifa haswaliwi. Nimefunga nguo zangu huku nafikiri hivyo. Mwanangu hakuswaliwa kwa sababu hakulia, na mimi sitaswaliwa kwa sababu nililia.

Usiibadilishe hukumu kwa kuwa ni mimi. Ibadilishe kama ilikuwa na makosa.

Binti yako

*

17 Shaabani

Kwa mume wa binti yangu.

Assalamu alaykum.

Salamu hii ni haki yako, usidhani ni zawadi. Ndoa yenu ni sahihi, na haikuvunjika hata kwa saa moja. Nimekwisha kulitamka hilo mahali palepale, kwa sauti ileile, madirisha yakiwa wazi.

Nilisema mbele yao kwamba nilihukumu bila kuuliza msemaji alikuwa nani na katika hali gani. Mwenye msiba akimwambia Mola wake "nijibu," hamshtaki kwa wengine, anamshtakia Yeye. Atamshtakia nani tena? Mitume walilia wakauliza. Nilikuwa na dalili zote hizo kifuani, nikazificha kwa kuwa nilidhani napigana na wewe. Nilipomaliza, mwanafunzi yule aliyeniletea jarida akanyoosha mkono: "Sheikh, angekuwa mtoto wa mtu mwingine, ungelirudisha neno?" Nikawaambia somo limekwisha. Wengine hawajarudi mpaka leo.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda makaburini. Wapo wanazuoni, na dalili yao si dhaifu, wanaosema mtoto aliyetimiza miezi yake huswaliwa hata kama hakulia. Nimeifuata kauli yao katika suala hili moja. Nilisimama nikamswalia mjukuu wangu. Nyuma yangu walisimama shangazi mtu na binti yangu. Kabla ya dua niligeuka nikamuuliza jina, maana nilitaka kumtaja. Akaniambia. Ana jina zuri. Sikuandikii hapa, kamwulize mwenyewe.

Sasa zamu yako.

Ulijua. Niliuliza "nani kakufundisha," ukajua ni nani, ukanipigia porojo za kunyamaza kwa faida yangu. Uliniacha nimtoe mwanangu katika dini kwa mdomo wangu mwenyewe, naye yuko jikoni ananisikia. Ungeniandikia neno moja. Ungemwambia shemeji yako aninong'oneze. Utasema ulikuwa unamlinda. Mlinzi gani anauza anachokilinda, tena anaweka picha yake kando?

Nilikuchukia kwa ukafiri usiokuwa nao. Sasa nakuchukia kwa jambo ulilolifanya kweli, na hili halina toba ya kuchapwa jaridani.

Hata hivyo ni mke wako. Yuko kwa shangazi yake. Nenda.

Baba mkwe wako

*

24 Aprili

Mke wangu mpenzi,

Tumeshinda!

Nimesoma barua ya baba yako mara nne, nikaisomea na ofisi nzima. Sheikh yule, asiyekubali hata kwamba saa yake iko nyuma, kasimama dirishani akala maneno yake. Na kaswali kwa madhehebu ya watu wengine! Unaelewa uzito wake? Watu wanaandika vitabu kuhusu jambo dogo kuliko hilo.

Ningekuja mwenyewe leo, ila nina ile hotuba ya pili, siwezi kuwaangusha. Wikiendi nitakuja na gari la rafiki yangu tubebe vitu vyako. Nyumba nimeifagia. Kile kitanda kidogo nimekipeleka kwa jirani ili usikione.

Kuhusu jina lako kutokuwepo kwenye makala, naomba unielewe. Nilikuficha ili nikulinde. Umeona mwenyewe walivyonirukia. Wangekurukia wewe, ungestahimili, na hali uliyokuwa nayo? Mimi nina ngozi ngumu.

Mhariri anataka makala ya pili upesi, kabla moto haujapoa. Nimeifikiria hivi: "Sheikh Aliyerudisha Neno." Ukurasa wa kwanza tayari. Ninapokwama ni pale makaburini, kwa sababu sikuwepo. Ukipata nafasi niandikie: baba yako alisimama vipi, alisema nini kwa sauti na nini kimoyomoyo, wewe ulihisi nini. Hata kwa mkato. Safari hii nitakutaja, ukitaka.

Anasema mtoto ana jina. Ni lipi?

Mume wako akupendaye

*

26 Aprili

Mwenzangu,

Usije wikiendi.

Nilimsubiri mtu mmoja anijie, toka hospitali mpaka leo. Baba alichelewa, tena alichelewa vibaya, lakini alikuja. Alivuka uchochoro, akapanda basi mpaka kwa shangazi, akakaa kwenye kiti cha jikoni na kofia mkononi, akaniambia, "Mungu anamjua. Anamjua kuliko unavyomjua wewe. Ningekwambia siku ile." Kisha tukalia. Hatukujadiliana kitu.

Wewe umeandika barua ngapi kwa baba? Nimemwomba anionyeshe, nimezisoma. Una maneno mazuri sana. Umemzungumzia mnajimu, na Firauni, na kiti chako. Mtoto hayumo. Mimi nimo mara mbili tatu, kama mzigo uliozuiwa forodhani: mrudishe mke wangu, mpe simu mke wangu.

Unasema ulinificha ili unilinde. Alama za kunukuu hukuziweka, mume wangu. Ulizikumbuka baba alipokubana. Kabla ya hapo maneno yalikuwa yako na sifa yako. Na alipokwisha kuhukumu, ulijua hukumu imeniangukia mimi, ukamwandikia kwamba ukumbi umejaa. Ulinogewa.

Na makala uliita "Asiye na Jina." Ana jina. Nilimpa mwenyewe, wodini, wewe ukiwa nje unatafuta sababu. Alikuwa na nywele nyingi. Hukuniuliza jina, na nywele hukuziona. Umeniuliza leo, chini ya barua, baada ya kuniomba habari za makaburini kwa ajili ya mhariri. Sikwambii. Siku utakayolijua litachapwa.

Sikuachi kwa sababu ya dini yako. Dini yako ni nzima, hata baba amekiri. Ninaomba khului, uniache kwa kurudishiwa mahari. Mahari yako nitakurudishia yote, kwa mkono wa kaka.

Jumatatu nilirudi karakana. Wameniwekea kazi za mwezi mzima, na mikono yangu bado inajua. Hiyo ndiyo habari yangu. Usiiandike.

Mama wa mtoto mwenye jina

*

26 Shaabani

Kwa mume wa binti yangu.

Assalamu alaykum.

Barua yako ndefu imefika. Sikutegemea kwamba wewe ndiye utakayekuja kuomba msaada wa kalamu iliyokauka wino.

Umenitaka nimshawishi arudi, na umenipa hoja tatu. Kwamba mwanamke anayeomba kuachwa bila sababu ana dhambi. Kwamba mwenye msiba hatakiwi kukata maamuzi makubwa. Kwamba unampenda. Hata kama sikupendi, hoja nimezifikisha kama ulivyoziandika, sikupunguza wala sikuongeza. Ndivyo tunavyofanya na maneno ya watu.

Ya kwanza akajibu kwamba sababu anayo, na ameshakuandikia. Ya pili akasema: uamuzi wa kuandika makala ulikatwa ndani ya teksi, na huyo naye si alikuwa na msiba? Ya tatu akasema, "Hiyo sibishani nayo, baba. Yawezekana ni kweli." Akainuka akaenda kuanika nguo.

Mimi nimefundisha mijadala tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Najua hoja ikiwa imekwisha inavyokuwa.

Njoo Jumamosi asubuhi, darasani kwangu. Uje na shahidi mmoja, wa pili nitamtafuta mimi. Nimefunga masomo siku hiyo na hakutakuwa na wanafunzi, kwa hiyo usijiandae kwa hotuba. Utatamka maneno yanayotakiwa, nami nitayapokea kwa niaba yake. Nitakupa maji ya kunywa kama wewe ni mgeni, kisha utateremka ngazi.

Na usije mapema ukidhani utamkuta. Jumamosi yuko kazini.

Baba yake